TAHARIRI: Pasipoti ya utotoni isiwafanye vijana waanze upya

KATIKA nyumba nyingi humu nchini kuna bahasha ya kaki ambayo mama huificha chini ya nguo kabatini. Ndani mna vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, risiti za karo za miaka iliyopita na, katika baadhi ya familia, kijitabu chenye picha ya mtoto asiye na meno mawili ya mbele. Mtoto huyo sasa ana miaka 19. Amepata barua ya kuitwa chuoni au kazini ng'ambo, na anatakiwa kupeleka nambari ya pasipoti kabla ya mwisho wa mwezi. Anakimbilia kabati la mama, anachomoa kile kijitabu na kushusha pumzi: "Kumbe ninayo!"

Hapo ndipo shida huanza. Kijitabu kilipitwa na wakati kitambo. Picha haifanani naye. Jina lililoandikwa humo lina herufi moja tofauti na lile la kitambulisho. Na akiingia kwenye tovuti ya eCitizen, hajui hata ajiite nani: ni mwombaji mpya, au ni mtu anayebadilisha pasipoti ya zamani?

Tunaandika kuhusu vijana hawa kwa sababu ni wengi kuliko wanavyodhaniwa, na si watoto wa matajiri pekee. Kuna aliyepelekwa India kwa matibabu baada ya kijiji kizima kufanya harambee. Kuna aliyemfuata mama yake Doha kwa likizo moja, mama akiwa kazini huko. Kuna aliyeenda Umra na babu yake. Wote walivuka mpaka wakiwa wadogo, wakarudi nyumbani, na pasipoti ikarudishwa kwenye bahasha. Hakuna aliyewaambia kwamba siku moja watairithi pamoja na maswali yake.

Na siku hiyo hufika haraka siku hizi. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira jijini Berlin mnamo Septemba 2024. Serikali nayo imekuwa ikiwahimiza vijana wajitokeze kwa mpango wa Kazi Majuu. Nchi za Ghuba bado zinaajiri. Kila moja ya milango hiyo ina kufuli moja, na ufunguo wake ni pasipoti. Kijana aliye na sifa zote lakini hana pasipoti ni sawa na aliyefika kituoni gari likiwa limeshang'oa nanga.

Tuanze na makosa ambayo vijana wenyewe hufanya, maana kabla ya kuinyooshea serikali kidole ni vyema kujikagua.

Kosa la kwanza ni kujibu "hapana" pale fomu inapouliza kama umewahi kuwa na pasipoti. Kijana hujibu hivyo bila nia mbaya. Kwa akili yake, ile ilikuwa ya mama: mama ndiye aliyejaza fomu, akalipa, akaitunza. Lakini pasipoti haikuwa ya mama. Ilikuwa na jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na nambari iliyosajiliwa kwako. Wapo wanaokumbuka hadithi za zamani, wakati mtoto aliandikwa ndani ya pasipoti ya mzazi wake, wakadhani na yao ilikuwa hivyo. Fungua kijitabu utazame. Kama kina picha yako kwenye ukurasa wa maelezo, wewe ndiye mwenyewe, na jibu lako ni "ndiyo".

Hili si jambo dogo. Kutoa maelezo ya uongo ili upate pasipoti ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011. Hata kama ulisahau tu, rekodi mbili zinazogongana zinatosha kumfanya afisa aliweke faili lako kando, na faili lililowekwa kando katika ofisi za Kenya unajua linavyoweza kukaa.

Tena athari zake haziishii Nyayo House. Ukienda kuomba viza, utaulizwa kuhusu safari zako za nyuma. Fomu ya viza ya Marekani, kwa mfano, inauliza kama umewahi kufika huko na kama umewahi kupewa au kunyimwa viza. Haina kipengele cha "nilikuwa mtoto". Ukiwa ulipelekwa kwa shangazi ukiwa na miaka mitano na leo ujibu kwamba hujawahi kutia guu huko, balozi hatakuona msahaulifu. Atakuona mwongo. Kile kijitabu cha zamani chenye mihuri yake ndicho ushahidi wako kwamba ulienda na ukarudi. Usikichome. Usikitupe. Usimpe mdogo wako achoree katuni.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kazi iliyobaki ni kubadilisha picha tu. Pasipoti ya mtoto husimama juu ya miguu ya mzazi: kitambulisho cha mzazi, idhini ya mzazi, saini ya mzazi. Ukishafika miaka 18, miguu hiyo huondolewa na unatakiwa kusimama kwa yako. Kwa hivyo hatua ya kwanza haiko Idara ya Uhamiaji. Iko kwa msajili wa watu, unakochukua kitambulisho cha kitaifa. Bila kitambulisho mkononi, pasipoti ya mtu mzima itabaki ndoto. Kuna vijana wanaotimiza miaka 20 bila kipande, wakisema watachukua uchaguzi ukikaribia. Kisha barua ya kazi inakuja, wanagundua wana foleni mbili za kupanga badala ya moja.

Kuna pia suala la chipu. Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki mnamo Septemba 2017. Zile za zamani ziliendelea kutumika huku makataa yakiahirishwa mara kadhaa, hadi matumizi yake yalipofika kikomo Novemba 30, 2022. Aliyepewa pasipoti akiwa na miaka sita mwaka 2013 alipewa ile ya zamani. Hata angeikuta bado inang'aa, haiwezi kumpandisha ndege. Na aliyepewa ya kielektroniki akiwa mtoto asome tarehe ya mwisho kwa makini, kwa sababu mataifa mengi hudai pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai siku unayoingia.

Kosa la tatu ndilo linaloumiza zaidi, nalo ni la majina. Mtoto alizaliwa akaitwa jina la nyanya yake. Alipobatizwa akaongezewa jingine. Alipoanza shule, mwalimu akaandika jinsi alivyosikia. Pasipoti ikatolewa kwa majina ya cheti cha kuzaliwa, lakini miaka kumi baadaye kitambulisho kikachukuliwa kwa majina ya cheti cha mtihani. Sasa kuna watu watatu kwenye karatasi, na wote ni wewe. Afisa anayekutazama hana njia ya kujua kama "Muhamed" na "Mohammed" ni mtu mmoja, na akikupitisha bila kuuliza atakuwa hajafanya kazi yake.

Ushauri wetu hapa ni mfupi: linganisha stakabadhi zako kabla hujalipa hata shilingi. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule na ile pasipoti ya utotoni. Soma herufi kwa herufi. Tofauti ikipatikana, ishughulikie kwanza, iwe ni kusahihishwa kwa cheti au kubadilisha jina kisheria kwa msaada wa wakili. Inachosha, lakini ni nafuu kuliko kukwama ukiwa tayari umelipa na tarehe ya safari inakaribia.

Tumewasema vijana. Sasa tuigeukie serikali.

Chukulia mfano wa binti wa Likoni mwenye miaka 20. Alipokuwa na miaka saba, babake aliyekuwa akifanya kazi Muscat aliwachukulia yeye na mamake pasipoti ili wamtembelee. Ndoa ikavunjika. Baba akaondoka na bahasha yote, na simu yake haipatikani. Leo binti huyu anataka kwenda kusomea uuguzi. Anavuka feri hadi afisi ya Mombasa akiwa na kitambulisho chake, cheti chake cha kuzaliwa na mdhamini wa kumtilia saini fomu. Swali la kwanza linalomngoja ni: pasipoti ya kwanza iko wapi?

Kijana huyu hahitaji ruhusa ya babake. Ana miaka 20, ni mtu mzima mbele ya sheria, na ajisikie huru kulisema hilo bila woga. Lakini mbona aulizwe kijitabu ambacho serikali ndiyo iliyokichapisha? Rekodi za pasipoti ile ziko mikononi mwa idara iyo hiyo anayosimama mbele yake. Kama kimepotea, kuna utaratibu wa kuripoti polisi na kupewa abstrakti, na anapaswa kuelekezwa huko kwa lugha anayoielewa tangu siku ya kwanza, badala ya kurudishwa nyumbani mara tatu kwa sababu tatu tofauti.

Katiba ya 2010 haikuacha jambo hili gizani. Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya na hati yoyote ya usajili au utambulisho ambayo serikali huwapa raia. Kinaongeza kwamba hati hizo zinaweza kukataliwa, kusimamishwa au kutwaliwa kwa kufuata sheria iliyotungwa na Bunge pekee. Pasipoti, basi, si zawadi ya afisa aliyeamka vizuri. Na mtu ambaye serikali ilishamkubali kuwa raia akiwa na miaka saba, ikampa kijitabu chenye nembo ya taifa, hafai kutazamwa kama mgeni aliyetokea jana akitimiza miaka 20.

Tunajua jibu la idara. Watatuambia kuhusu usalama. Watasema kuna watu wanaotumia vyeti vya wengine, kwamba pasipoti ya Kenya imewahi kuingia mikononi mwa wasiostahili, na kwamba sura ya mtoto wa miaka saba haiwezi kulinganishwa na ya mtu mzima. Hoja hiyo ina uzito na hatuipuuzi. Pasipoti yetu ikikosa kuaminika, atakayetolewa kwenye foleni uwanjani na kuhojiwa ni kijana huyu huyu tunayemtetea.

Lakini hoja hiyo inaunga mkono yetu. Njia ya uhakika ya kumjua mtu ni kumfuata tangu utotoni: cheti cha kuzaliwa kiungane na pasipoti ya mtoto, pasipoti ya mtoto iungane na kitambulisho, kitambulisho kiungane na pasipoti ya mtu mzima. Serikali yenyewe inatuambia kuwa lengo la Maisha Namba ni mtu awe na nambari moja tangu kuzaliwa hadi kufa. Basi na itufae hapa. Tapeli hustawi pale rekodi zinapokaa mbalimbali. Zikizungumza, anakosa pa kujificha, na kijana mwaminifu anakosa sababu ya kurudishwa nyumbani.

Kuna pia suala la pesa, na hapa hatutamung'unya maneno. Tangu Machi 2024, pasipoti ya kurasa 34 inagharimu Sh7,550 kutoka Sh4,550. Ya kurasa 50 ni Sh9,550, na ya kurasa 66 ni Sh12,550. Kwa mtu mwenye mshahara, huenda hiyo ni ada tu. Kwa kijana aliyemaliza shule mwaka jana na anayeendesha boda ya mwenyewe kwa siku, ni wiki kadhaa za jasho. Ongeza nauli. Kijana wa Homa Bay atasafiri hadi Kisumu au Kisii, pengine mara mbili: siku ya kupeleka fomu na kuchukuliwa alama za vidole, na siku ya kuchukua pasipoti. Ongeza pesa za saiba, kopi, picha na chakula. Serikali haiwezi kuhubiri Kazi Majuu asubuhi, kisha jioni iweke kizingiti mlangoni.

Mwanya huo ndio mabroka wanaoutumia. Wanajua kijana aliyechanganyikiwa kati ya "mpya" na "kubadilisha" atalipa mtu yeyote anayemwambia kwa sauti ya uhakika, "Niachie mimi, ndani nina watu." Msimu wa 2023, mitambo ya kuchapisha ilipokwama na maombi yakarundikana, tuliona biashara hiyo ilivyonoga nje ya Nyayo House hadi maafisa wa usalama wakaingilia. Tusijidanganye kwamba imekufa. Malipo halali hupitia eCitizen, na nambari ya malipo ya serikali ni 222222. Ukiambiwa utume kwa simu ya mtu, hata awe amevaa tai na beji, hizo ni pesa umezitupa baharini.

Na tusisahau kwamba kwa baadhi ya vijana, mlango ulikuwa mwembamba zaidi tangu mwanzo. Kwa miaka mingi, vijana wa Kaskazini Mashariki walipitia msasa wa ziada ili wapate kitambulisho, huku wenzao wa kaunti nyingine wakichukua bila kuulizwa babu alizikwa wapi. Mnamo Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa huo umefutwa. Ni hatua tuliyoipongeza. Lakini tangazo la jukwaani lina maana pale tu linapofika kwenye dawati la karani. Kijana wa jamii hizo aliyekuwa na pasipoti akiwa mtoto ana ushahidi mikononi kwamba taifa lilishamtambua. Kumwambia athibitishe tena uraia wake ni kumwambia kwamba neno la serikali halina thamani hata mbele ya serikali yenyewe.

Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, Idara ya Uhamiaji iweke kwenye eCitizen njia iliyo wazi kwa mtu aliyewahi kuwa na pasipoti ya mtoto, yenye orodha yake ya stakabadhi, kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka na mtu wa Kwale kama cha Kitale. Kijana asilazimike kumwuliza mhudumu wa saiba ajiweke kapu gani.

Pili, pasipoti ya utotoni ihesabiwe kuwa ushahidi wa uraia. Pale ambapo kijitabu chenyewe kimepotea, afisa aitafute rekodi kwenye mtambo wake kabla ya kumtuma mwombaji barabarani.

Tatu, Bunge na Wizara ya Usalama wa Ndani zifikirie ada nafuu kwa anayechukua pasipoti yake ya kwanza ya utu uzima, angalau kwa walio chini ya miaka 25 na wanaoweza kuonyesha barua ya masomo au ya kazi. Mwanafunzi hupunguziwa nauli katika mataifa mengi. Mbona asipunguziwe hati ya kumfikisha darasani?

Nne, wazazi. Tunawaheshimu na tunajua mlivyohangaika kutuchukulia hizo karatasi. Lakini bahasha ile si mali ya familia kwa jumla. Mtoto akitimiza miaka 18, mkabidhini stakabadhi zake mkononi, mbele ya mashahidi mkitaka, mumweleze kila moja ilichukuliwa lini na kwa nini. Baba na mama walioachana nao wasizigeuze hati za mtoto kuwa silaha ya kupigania. Ugomvi wenu utaisha. Nafasi ya mtoto ikipita haimngoji.

Na kwenu vijana wenzetu, msingoje barua ifike ndiyo mkumbuke. Ukipata kitambulisho leo, wiki ijayo uliza nyumbani: niliwahi kuchukuliwa pasipoti? Iko wapi? Ina majina gani? Piga picha ukurasa wa maelezo na uhifadhi nambari yake. Kama bado huna haja ya kuruka mbali, kumbuka kwamba kitambulisho pekee kinakuvusha hadi Uganda na Rwanda, kwa hivyo usikope pesa za pasipoti kwa ajili ya wikendi moja ya Kampala. Lakini kama una ndoto ya chuo, kazi au mashindano ng'ambo, anza sasa, ukiwa na muda wa kusahihisha herufi iliyokosewa bila presha ya tarehe.

Huyo mtoto asiye na meno mawili ya mbele alivuka mpaka kwa sababu kuna mtu mzima aliyemjazia fomu, akamlipia na kumshika mkono hadi dirishani. Leo anajaza mwenyewe. Asichotarajia ni taifa lake limwambie kwamba halijawahi kumwona.